Kabla hujavaa koti la Street Pastors: anwani utakayoiruka ndiyo itakayokukwamisha

Kama uko Uingereza na Ijumaa usiku moyo unakusukuma kutoka badala ya kulala, nenda kwa Street Pastors. Walianzia Brixton, London, Januari 2003, chini ya mchungaji Les Isaac, mzaliwa wa Antigua. Waumini wa makanisa mbalimbali hutoka kwa makundi, kwa kawaida kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, kuwasaidia waliolewa, waliopotezana na wenzao na wasio na pa kulala. Hawahubiri. Anayetaka kuombewa atasema mwenyewe.

Masharti ni mepesi: uwe na umri wa kuanzia miaka 18, uwe mshiriki wa kanisa, ulete barua ya kiongozi wako, uhudhurie mafunzo.

Linalotukwamisha sisi tuliotoka Tanzania ni ukaguzi wa rekodi ya jinai, ambao England na Wales huitwa DBS. Kwa anayejitolea ada yake haipo. Lakini fomu inataka kila anwani uliyoishi kwa miaka 5 iliyopita, bila pengo hata la mwezi mmoja, zikiwemo za nyumbani.

Mimi nilipofika nililala miezi mitatu kwenye kochi, sebuleni kwa binamu yangu. Sikuwa na bili wala mkataba wenye jina langu. Wakati wa kujaza fomu, kaka mmoja mwenye nia njema kabisa akaniambia, "Ruka hiyo, dada, utajichanganyia mambo. Rudisha nyuma tarehe ya chumba chako." Nikarudisha. Siku ya kuhakiki nyaraka nikapeleka mkataba wa chumba, na tarehe ya kuanza imeandikwa juu pale kwa herufi nene. Mratibu akaweka kidole kwenye tarehe, akaniuliza taratibu, "Na kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mama yule hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba kutoa taarifa za uongo kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, akanipa fomu mpya. Mafunzo ya awamu ile yakanipita, nikasubiri miezi mingi.

Kwa hiyo nasema tena: usiruke anwani. Kochi la binamu ni anwani. Chumba cha rafiki ulichokaa wiki sita ni anwani. Kwa kule nyumbani andika mtaa, kata, wilaya na mkoa. Kukosa namba ya nyumba si sababu ya kuacha wazi. Na anayekushauri uruke, hata kama ni mzee wa kanisa, mshukuru halafu usimsikilize.

Majina nayo vilevile. Sisi tuliohangaika na cheti cha kuzaliwa cha RITA kusema hivi na kitambulisho cha NIDA kusema vile tunajua jinsi jina la babu linavyotokea na kupotea. Hapa andika yote uliyowahi kutumia, la ndoa na la kabla ya ndoa. Uthibitisho wa makazi uwe barua ya benki ya karibuni au bili ya umeme. Bili ya simu ya mkononi hawaihesabu.

Kuhusu viza, kwa ufupi: mwanafunzi asichanganye kujitolea na kazi isiyolipwa, maana hiyo ya pili huhesabiwa ndani ya saa zake za kazi za wiki. Mgeni wa matembezi anaruhusiwa kujitolea siku 30 tu kwa jumla, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Ndugu zangu mlioko nyumbani, tafadhali, msimpe mtu hela ya "viza ya kujitolea kanisani" kwa ajili ya kijana wenu. Koti hili halimleti mtu Uingereza. Na jina lisiwachanganye: mama yangu mdogo aliposikia neno "pastor" alitangazia jumuiya nzima kwamba nimekuwa mchungaji Ulaya, na mchango wa paa la kanisa ukanifuata huku. Sikuwekewa mikono wala silipwi.

Waingereza huamini karatasi kuliko neno la mtu, na zamani hilo liliniudhi. Siku hizi naelewa kidogo. Usiku wa manane binti mgeni kabisa hunikabidhi mkoba wake kwa sababu ya maandishi mgongoni mwangu. Yule wa kwanza alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, viatu virefu mkononi, kipande cha chupa karibu na kisigino. Watu walimpita. Kwetu angeshaulizwa na watu watano ni mtoto wa nani. Nilipiga magoti nikamvisha ndala, maana tunatembea nazo mfukoni kwa kazi hiyo, naye akaniuliza kama nitakaa mpaka dada yake afike. Nilikaa.

Timu ikiwa barabarani huwa kuna wengine wanaoiombea. Mama mdogo sasa huniuliza ratiba. Tunapotoka saa nne usiku majira ya baridi, kwake Dodoma ni saa saba usiku, na huamka.