Kabla ya kuandika x: mambo ya kuzingatia kwenye hesabu za mafumbo

Mpe mwanafunzi wa kidato cha kwanza 5k + 2,100 = 4,600, ataipata k bila shida. Mpe habari ileile kwa maneno: "Daftari moja linazidi bei ya kalamu moja kwa shilingi 700. Madaftari matatu na kalamu mbili ni shilingi 4,600. Kalamu moja ni shilingi ngapi?" Hapo wengi hukwama. Ugumu uko kabla ya mlinganyo, na sehemu hiyo ndiyo tunayoipitia mbiombio darasani. Inaniuma, kwa sababu inafundishika.

Soma fumbo lote hadi nukta ya mwisho kabla hujaandika chochote. Swali huwa mwishoni, nalo ndilo linalokuambia unatafuta nini. Kisha funika karatasi, ujisimulie habari hiyo kwa maneno yako. Ukishindwa kuisimulia, rudi usome tena.

Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kazi yake ndiyo iliyotupa neno aljebra, hakutumia x wala herufi nyingine yoyote. Kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu, na milinganyo yake aliieleza kwa maneno matupu. Nawe anzia hapo. Bei ya kalamu ni "kitu", bei ya daftari ni "kitu na mia saba". Ukishaweza kusema hivyo, kuandika k na k + 700 ni kufupisha tu, na 3(k + 700) + 2k = 4,600 ndiyo ileile 5k + 2,100 = 4,600.

Herufi iwe badala ya namba, na uandike kwa sentensi kamili ni namba ya nini: "k ni bei ya kalamu moja kwa shilingi." Anayeandika "k = kalamu" amejitega. Chukua zizi ambalo kwa kila ng'ombe mmoja kuna mbuzi wanne. Wengi huandika n = 4m, kana kwamba herufi hizo ni wanyama waliopangwa mstari: ng'ombe mmoja, mbuzi wanne. Lakini n ni idadi ya ng'ombe na m ni idadi ya mbuzi. Jaribu kwa namba: ng'ombe 5, mbuzi 20. Je, 5 ni sawa na 4 × 20? Mlinganyo sahihi ni m = 4n. Kosa hili si la watoto peke yao. Mwaka 1982 John Clement alichapisha utafiti ulioonyesha wanafunzi wa uhandisi wa vyuo vikuu Marekani wakilifanya. Kwa hiyo kujaribu kwa namba ndogo uifanye desturi, hata fumbo likionekana jepesi.

Maneno ya kutoa nayo yana mtego. "Toa 7 kwenye namba fulani" ni n − 7, ingawa 7 ndiyo iliyotajwa kwanza. "Mara nne zaidi" wengine huielewa kuwa mara nne, wengine mara tano. Ukiwa wewe ndiye mtunga swali, andika "mara nne ya". Vipimo vifanane kabla ya kujumlisha: gramu na gramu, dakika na dakika.

Kwenye mafumbo ya umri, miaka humpita kila mtu. Mama ana umri mara tatu ya mwanawe, na baada ya miaka 12 atakuwa na mara mbili yake. Umri wa mtoto ukiwa x, mlinganyo ni 3x + 12 = 2(x + 12). Ile 12 ya mtoto ndiyo husahaulika.

Jibu ulihakiki kwenye maneno ya fumbo, kwa sababu mlinganyo uliokosewa nao utalikubali jibu lake. Kalamu 500, daftari 1,200. Madaftari matatu ni 3,600, kalamu mbili ni 1,000, jumla 4,600.