Nyumba ya Mungu na mbwa, safari ya ghafla: mambo ya kuzingatia kabla

Joto la Januari na Februari likibana Moshi, wazo la kwenda majini huja asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Bahari ya Tanga iko mbali, zaidi ya kilomita 300, na kwenda na kurudi siku moja mbwa akiwa garini ni kumtesa. Kwa mtoko wa ghafla, mwambao unaofaa ni wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kama kilomita 50 kusini mwa mji. Upande wa Lang'ata, wilayani Mwanga, utawakuta wavuvi, utakula perege wa kukaanga, na mbwa atapata upepo. Wewe unaweza kuamua asubuhi hiyo hiyo. Yeye anatakiwa awe ameandaliwa wiki nyingi nyuma.

Naanza na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu hiyo haina njia ya mkato. Ukimchanja leo, kinga inahitaji wiki tatu hadi nne kujijenga. Kule atakutana na mbwa wa wafugaji na wa kambi za wavuvi, na huwezi kujua nani kachanjwa na nani hajachanjwa. Muulize bwana mifugo tarehe ya kurudia, na kadi ikae garini siku zote. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Jambo la pili ni mamba. Bwawa lina mamba, na mbwa anayerukaruka kwenye kina kifupi ni windo jepesi mno. Kwa hiyo mbwa haogelei Nyumba ya Mungu, hata kama jana yake wengine waliogelea salama. Ukishashuka garini, kwanza waulize wavuvi sehemu wanayoiogopa, maana wao wanaujua ukingo kuliko sisi wa mjini. Kaa mbali na matete na usimrushie fimbo kuelekea majini. Kamba iwe imara, ya mita mbili au tatu, na uishike mwenyewe. Mtoto hana nguvu ya kumzuia mbwa aliyeona bata maji. Akitaka kupoa, mmwagie maji ya dumu.

Hilo dumu ndilo mzigo muhimu kuliko yote. Kwa mbwa mmoja wa wastani mimi nabeba lita 5 za kunywa na dumu jingine la kumlowesha, pamoja na bakuli pana. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza hasa kwa kuhema. Ukiona ulimi umerefuka na kupanuka mwishoni, mate yamekuwa mazito yananing'inia, anayumba au anatapika, hilo ni joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mloweshe mwili mzima, hasa tumbo na mapajani, mpepee, halafu ndipo utafute daktari wa mifugo. Usimfunike kwa kitambaa kilicholowa, kinazuia joto kutoka. Na tafadhali, usimwache kwenye gari lililofungwa mnapokula samaki. Ndani ya dakika 10 joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu. Ondokeni Moshi alfajiri, saa tano mwe tayari kivulini.

Pale samaki wanapoparwa, mwangalie mdomo. Ndoano iliyobaki na chambo mchangani ananusa na kumeza kabla hujaita jina lake, na mwiba wa pezi la kambare unachoma hadi nyayo. Uzi ukining'inia mdomoni usiuvute. Mpeleke kwa daktari uzi ukiwa vile vile. Njiani kuna miiba ya migunga, kwa hiyo weka kibanio na kitambaa safi kwenye begi.

Watu nao wana haki yao. Waislamu wengi hawapendi mate ya mbwa yaguse nguo au vyombo vyao, na wengine wana hofu tu. Piga hodi, salimia, funga mbwa mbali na jiko na nyavu, na ukikuta mbuzi wanakunywa, subiri waondoke. Zoa kinyesi chake.

Usafiri wa daladala usahau. Chukua gari lako au elewana mapema na mwenye Noah, ukimwambia wazi kuwa kuna mbwa. Na mkibadili mawazo njiani mkataka kuingia Mkomazi, mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi.

Jioni, kabla hajalala, pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya vidole vyake kutafuta kupe. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, jike mwenye mimba, mbwa mzee na wale wa pua fupi wabaki nyumbani na mtu wa kuwapa maji.