Sweta imelowa jioni, inatakiwa kuvaliwa asubuhi

Kwa mliopo mabweni ya Ulaya msimu huu wa baridi, zamu ya mashine ya kufulia haijafika na sweta ya shule ni hiyo hiyo moja: ifue kwa mkono, iminye maji, usiisokote. Tandaza taulo kavu sakafuni, laza sweta juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha pitisha magoti juu yake toka ncha hii hadi ile, dakika mbili hivi. Taulo hunyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyakamua, na nyuzi za sufu hazivutiki. Ukikunjua utaona sweta nzima imejichora kwenye taulo, hadi kola. Ilaze ikauke kwenye taulo jingine. Ukiitundika na maji yake, mikono itakufika magotini. Blauzi tundika tu.

Jinzi na hudi nene hazikubali, labda taulo tatu. Taulo ulilotoka kuogea nalo halifai, limeshashiba. Usifunike hita ya umeme kwa nguo, inaunguza. Dirisha liache wazi kidole kimoja, la sivyo vioo vinatoka jasho na ukuta nyuma ya kabati unaota ukungu.