Jinsi ya kuomba cheti cha kuonyesha filamu kuhusu mauaji ya zamani nchini Kenya

Umemaliza makala ya video kuhusu mauaji ya Wagalla ya 1984, ambapo askari wa serikali waliwaua raia huko Wajir, au ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na ukumbi umepatikana. Usibandike bango bado. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipitie kwanza kwa bodi ya kuainisha filamu, KFCB.

Peleka fomu, filamu nzima na muhtasari. Ada uliza mapema. Hapo hakuna ugumu.

Kazi iko kwenye muhtasari. Ukiandika "filamu inafichua unyama wa serikali", umempa afisa sababu ya kushtuka, na sheria inamruhusu kukataa kwa hoja ya usalama wa umma, ambayo kwa maoni yangu ni pana mno. Andika hivi: "Manusura wanasimulia yaliyowapata kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Dakika ya 31 zinaonekana maiti. Hakuna anayehimiza kisasi." Idadi ya waliouawa iwekee chanzo kwenye skrini: serikali ilitaja 57, wenyeji wanataja maelfu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imelieleza tukio hilo, kwa hiyo inukuu.

Ambatisha barua inayotaja Kifungu cha 33 cha Katiba. Kinachokatazwa humo ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kukumbuka waliouawa hakumo.

Viwango vya umri wa watazamaji ni GE (wote), PG (watoto kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (si kwa walio chini ya umri huo). Ukiambiwa ukate sehemu fulani, omba 18 kabla ya kushika mkasi.

Ukikataliwa kwa mdomo, huna cha kukatia rufaa. Dai sababu kwa maandishi chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kisha mwandikie Waziri ndani ya muda uliotajwa. Usimruke, mahakama huuliza kama ulimaliza njia hiyo. Mahakama Kuu inaweza kutoa amri ya muda: 2018 iliruhusu "Rafiki", filamu iliyopigwa marufuku na KFCB, ionyeshwe siku 7 kwa watu wazima, ingawa 2020 ilitupa kesi yenyewe.

Cheti kikitoka, andika kiwango kwenye bango na tiketi. Mpe mwenye ukumbi nakala kabla ya siku ya onyesho, maana polisi wakija wataanza na yeye.