Mustang ya 1966 na Mark X: namna ya kulinganisha gari la misuli la Kimarekani na gari la kisasa ukiwa Tanga

Karatasi za Ford Mustang ya 1966 yenye V8 (injini ya silinda nane) ya lita 4.7 na kabureta ya midomo miwili zinasema nguvu farasi 200. Za Toyota Mark X ya lita 2.5, toleo la 2004 hadi 2009, zinasema 215. Mnunuzi akiona hivyo huamua kwamba zinakaribiana, na kwa kuwa Mustang ni nyepesi, basi ndiyo yenye mbio. Hesabu hiyo ina kosa, nalo linasahihishwa kwa kalamu kabla hujatoa hata shilingi.

Geuza nguvu farasi ziwe za kipimo kimoja

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa juu ya stendi, ikiwa haina kisafisha hewa, haizungushi alternata, na moshi ukitoka bila sailensa. Kuanzia magari ya mwaka 1972 zikatangazwa nguvu za injini kama inavyokaa ndani ya gari, imebeba mizigo yake yote. Mwaka 1971 General Motors ilitoa vipimo vyote viwili, na hapo tofauti inaonekana wazi: injini ya Chevrolet LS5 ya lita 7.4 ilikuwa na farasi 365 kwa kipimo cha zamani na 285 kwa kipimo kipya. Injini ni ileile.

Kwa hiyo chukua namba ya zamani uizidishe kwa 0.78. Namba ya Kijapani izidishe kwa 0.986, maana farasi wao ni mdogo kidogo kuliko wa Kimarekani. Kisha gawanya kwa uzito wa gari kwa tani.

Mustang: 200 × 0.78 ni 156. Gawanya kwa tani 1.3, unapata farasi 120 kwa tani.
Mark X: 212 kwa tani 1.51, unapata 140.

Gari la familia linaloegeshwa kila siku nje ya maduka ya Ngamiani limeshaipita. Ukipanda hadi kilele cha enzi ile, Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6, farasi 450 za karatasi zinakuwa kama 350, na kwa uzito wake unapata karibu 200 kwa tani. Toyota Crown Athlete ya lita 3.5 inafika 187. Mustang GT ya 2018, farasi 460 za kipimo kipya, inafika 270 na zaidi. Hiyo 0.78 ni makadirio. Injini chache zilitangazwa chini ya uwezo wake, na Hemi 426 ya Chrysler iliyoandikwa 425 inajulikana kwa hilo.

Kwa nini basi mtu akiendesha Mustang ya zamani anahisi ina nguvu kuliko Mark X? Ni kwa sababu ya msukumo wa injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. V8 ile inatoa msukumo wake wa juu kabisa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Mark X inausubiri hadi 3,800. Ukigusa pedeli ukiwa mwendo wa taratibu, V8 inajibu papo hapo, na huo ni utamu wa kweli ambao hesabu ya farasi kwa tani haiuonyeshi. Andika yote mawili.

Breki ndizo zinazoamua

Hapa ndipo magari haya yanapoachana kabisa. Mustang nyingi za 1966 zina breki za drumu magurudumu yote manne, na masta silinda yake, inayosukuma mafuta ya breki, ni ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka popote, pedeli inashuka hadi chini na hubaki na breki yoyote isipokuwa ya mkono. Kuanzia magari ya 1967 masta silinda ikawa ya vyumba viwili: mbele peke yake, nyuma peke yake. Mark X ina diski kotekote na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki.

Ushuke na gari la drumu kutoka Lushoto hadi Mombo, kama kilomita 33 za kona na mteremko, ukikanyaga breki muda wote, utajua maana yake. Drumu ikipata moto inatanuka na kusogea mbali na viatu vya breki, huku lainingi zikipoteza mshiko. Pedeli inazidi kwenda chini na gari halipungui mwendo. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, na iko wazi kwa upepo, ndiyo maana inastahimili. Kwenye mteremko huo gari la zamani lishushwe kwa gia ya pili tangu juu, kabla halijashika kasi, na breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachwe ipoe.

Ukilinunua, fanya kazi hizi kabla ya kugusa injini:

1. Weka masta silinda ya vyumba viwili na utenganishe mabomba ya mbele na ya nyuma.
2. Badilisha mipira yote mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani: mafuta yanaingia lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limekamata. Fundi asiyejua hulaumu drumu.
3. Mwaga mafuta yote ya breki, weka mapya ya DOT 3 au DOT 4, na urudie kila mwaka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima. Yakishakunywa maji yanachemka mapema na mabomba yanaota kutu kwa ndani.
4. Fedha ikibaki, funga diski za mbele. Usiache drumu mbele ukaongeza farasi kwenye injini. Huo ni uamuzi mbaya kuliko yote kwenye magari haya.

Tairi pia. Mfumo wa asili ulikuwa tairi zenye nyuzi za mshazari, zinazofuata mifereji ya barabara na kulivuta gari pembeni. Weka tairi mpya za radial na uangalie tarehe ya kutengenezwa ubavuni, hata kama kashata zinaonekana nzima.

Mwaga maji, kisha tafuta kutu

Kwenye mji wa bahari kutu ndiyo bei halisi ya gari. Mustang za 1965 hadi 1968 zina ugonjwa wao: chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingiza hewa, na sanduku la bati lililo chini yake huoza bila kuonekana. Kulipima ni rahisi. Fungua milango, inua kapeti za mbele, mwenzio alale na tochi akitazama chini ya dashibodi. Wewe mimina lita tano za maji taratibu kwenye yale matundu, kwanza upande wa kulia, halafu kushoto. Maji yote yanatakiwa yatokee chini nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakidondoka ndani, hata matone, bati limekwisha, na kulitengeneza ni kung'oa mamia ya nukta za welding. Punguza bei au ondoka.

Halafu zungusha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye bodi, hasa juu ya magurudumu ya nyuma na sehemu za chini za milango. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Gari la kisasa limepakwa zinki na linavumilia zaidi, lakini chumvi huingia kwenye soketi za waya. Likaguliwe kwa mashine ya kusoma kompyuta, na usitosheke na fundi aliyefuta namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari muda mfupi kabla hujafika. Liendeshe zaidi ya kilomita 60, mathalani Muheza na kurudi, kisha lisomwe tena.

Mafuta, joto na spana

V8 ya lita 4.7 inakwenda kilomita 5 hadi 6 kwa lita, na tangi ni lita 60 hivi. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, kwa hiyo jaza njiani. Petroli ya oktani 95 inaitosha V8 hii ya midomo miwili. Haiitoshi LS6 yenye mgandamizo wa 11.25 kwa 1: itagonga ukipanda kilima, na kugonga huko hutoboa pistoni. Rudisha taimingi nyuma digrii 2 kwa wakati hadi mlio uishe. Pia muulize muuzaji kama viti vya vavu vimebadilishwa kuwa vya chuma kigumu, kwa sababu injini hizi zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli, na petroli hiyo haipo tena.

Usikubali thamostati itolewe eti kwa sababu pwani kuna joto. Injini itakaa baridi, kabureta italisha mafuta mengi, na oili itachafuka. Gari likichemka tatizo ni rejeta, mfuniko wake, au feni isiyo na kizingo cha kuelekeza upepo. Kuhusu oili, tafuta 20W-50 au 15W-40 yenye zinki ya kutosha. Oili nyembamba ya magari mapya huila kemshafti ya zamani.

Bolti zake ni za inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye bolti ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini inacheza na kula kichwa. Nunua seti yako ya 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8 uiache ndani ya buti, maana gereji nyingi zina za milimita tu.

Usukani wa kushoto

Taa za Kimarekani zikiwa za chini humulika kulia, yaani kwenye macho ya anayekuja. Mustang hii ina taa za duara za inchi 7, saizi ileile ya Land Rover za zamani, kwa hiyo taa za nchi zinazoendesha kushoto zinapatikana kirahisi. Chevelle na Dodge Charger zenye taa nne ndogo zitakusumbua zaidi. Unapotaka kulipita lori kwenye barabara ya Segera unakaa upande wa ukingo na huoni mbele. Kaa nyuma mbali mara mbili ya kawaida, na msaidizi wa kulia asiwe ndiye anayekuamulia.

Ushuru upige kwenye kikokotoo cha TRA kwa magari yote mawili. Hata Mark X ya 2009 imeshazidi miaka 10, kwa hiyo nayo inabeba tozo ya uchakavu.