Jinsi ya Kuzisikiliza Albamu za Mwanzo za Bendi za Fanki

Anayeanza kusikiliza fanki (funk), muziki wa dansi wa Wamarekani weusi uliochipuka miaka ya 1960, kwa kufuata sauti ya mwimbaji ataona nyimbo zinajirudia tu, na huenda akachoka kabla upande wa kwanza wa santuri haujaisha. Muziki huu husikilizwa kuanzia chini kwenda juu: ngoma kwanza, kisha gitaa la besi, halafu gitaa na tarumbeta, na mwimbaji awe wa mwisho.

Kabla ya kuigusa albamu yoyote, lizoeze sikio kwa wimbo wa mwimbaji wa Marekani James Brown, "Cold Sweat", wa mwaka 1967. Hesabu moja hadi nne huku ukigonga meza, na utasikia kwamba bendi nzima inaliegemea pigo la kwanza, ilhali muziki wa soul uliotangulia ulizoea kutilia mkazo la pili na la nne. Ukishalishika pigo hilo, kazi kubwa umeimaliza.

Albamu ya kuanzia, kwa maoni yangu, ni ile ya kwanza ya The Meters wa New Orleans, iliyotoka mwaka 1969, kwa sababu haina mwimbaji wa kukupotosha. Uchukue wimbo unaoifungua, "Cissy Strut", wenye urefu wa dakika tatu hivi, na uusikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza mfuate Zigaboo Modeliste kwenye ngoma, ambaye hapigi mapigo yaliyonyooka bali huyakatakata na kuyatawanya. Mara ya pili sikiliza jinsi besi ya George Porter na gitaa la Leo Nocentelli vinavyotamka sentensi moja kwa pamoja, kisha vikanyamaza. Mara ya tatu kisikilize kimya hicho chenyewe, maana ndicho kinachomfanya mtu atikise kichwa bila kujijua.

Kutoka hapo nenda kwa bendi ya Sly and the Family Stone. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1967 inaweza kusubiri, anza na "Stand!" ya mwaka 1969. Mpiga besi wao, Larry Graham, alipokuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma, alianza kuzigonga nyuzi kwa dole gumba na kuzivuta kwa kidole ili kuziba pengo la ngoma, na mtindo huo ukaenea kwa wapiga besi wa fanki waliomfuata.

Wanaowajua Kool & the Gang kwa nyimbo zao za sherehe za miaka ya 1980 watashangazwa na albamu yao ya kwanza, ambayo kwa sehemu kubwa ni ala tupu.

Bendi ya Funkadelic iache hadi sikio likomae. Wimbo unaoifungua albamu yao "Maggot Brain" ya mwaka 1971 ni gitaa la Eddie Hazel likilia kwa zaidi ya dakika kumi, na ngoma karibu hazisikiki, kwa hiyo kanuni ya kusikiliza kuanzia chini haikusaidii hapo.

Mwishoni mrudie Sly kwa "There's a Riot Goin' On", pia ya mwaka 1971. Mashine ya ngoma imechukua nafasi ya mpigaji katika nyimbo kadhaa, na sauti ina ukungu kwa sababu kanda zilezile zilirekodiwa tena juu ya sauti zilizokwisha kurekodiwa mara nyingi mno. Usizilaumu spika zako.