Akisami na namba mchanganyiko kwa Gredi ya 7: anza na majina, kanuni ije baadaye

Kila mwaka nakutana na mtoto yule yule, sura tu ndiyo hubadilika. Mwandikie namba mchanganyiko (nzima na kipande) kama 2¾ ubaoni, mwambie aifanye akisami moja, ataandika 10/4. Amezidisha 2 kwa 3, akajumlisha 4. Kanuni anaikumbuka, ila kombo, na hana pa kujisahihishia. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemtia kwenye shimo hilo: zidisha, jumlisha, weka juu, haya tuendelee. Siku hizi kanuni naileta mwisho. Nafundisha Eastlands, Nairobi, darasa la watoto zaidi ya hamsini, kwa hiyo vifaa ni karatasi na mkasi.

Hatua ya 1: Majina

Andika ubaoni nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri: ni 1/2 hadi 1/10 kwa mpangilio. Watoto wameyasoma kwenye Kiswahili wakadhani ni msamiati wa mtihani. Hapa yana kazi. Namba ya chini, yaani asili, ni jina la kipande. Namba ya juu, yaani kiasi, ni idadi ya vipande hivyo. ¾ si "tatu juu ya nne". Ni robo, na ziko tatu. Mtoto aliyewahi kutumwa bucha akalete robo ya nyama anajua robo ni kitu kinachofungwa kwenye karatasi.

Jihadhari na thumuni. Wazee bado huita senti hamsini hivyo, na mtoto mmoja alinibishia kweli kweli kwamba thumuni ni nusu.

Hatua ya 2: Hesabu, upite nzima

Kila mtoto akunje ukanda wa karatasi mara mbili, aukate, apate robo nne. Kikundi cha watano kina robo ishirini. Wahesabu kwa sauti: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne… Hapo wengi husita. Walishaambiwa kwamba akisami ni kipande cha kitu kizima, sasa itakizidije? Waache wasite kidogo, kisha uliza: nikila chapati moja na robo, nimekula robo ngapi? Wataendelea wenyewe mpaka ishirini.

Hatua ya 3: Funga, fungua

Toa robo kumi na moja. Zifunge nne nne: mafungu mawili, zinasalia robo tatu. Hiyo ndiyo 2¾. Sasa rudi nyuma: nzima mbili zinafunguka kuwa robo nane, ongeza tatu, 11/4. Baada ya mifano mitano au sita, kuna atakayepiga kelele, "Mwalimu, si unazidisha tu!" Mwache aandike kanuni ubaoni kwa mkono wake. Yule wa 10/4 naye mwambie afunge robo zake kumi aone anapata ngapi. Atapata mbili na nusu, na atakosoa kazi yake bila wewe kushika kalamu nyekundu.

Hatua ya 4: Kujumlisha

Mbuzi watatu na ng'ombe wawili si mbuzi watano, lakini ni mifugo watano. Tafuta jina linalowafaa wote. 1½ + 2¾: nusu iitwe robo mbili, basi ni robo 6 na robo 11, jumla robo 17, yaani 4¼. Kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote, ni njia ya kulipata jina hilo, basi.

Hatua ya 5: Kutoa

Usiharakishe hapa, hata somo zima likiisha. Jikoni kuna unga kilo 3¼, mama anatumia kilo 1¾. Nusu ya darasa itaandika 2 2/4, kwa sababu wametoa 1 kwenye 3, kisha wakaona robo moja haitoshi kutoa tatu, wakazigeuza kimyakimya. Wanaamini ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, popote zilipo.

Mimi huwaambia ni mambo ya chenji. Nauli ni shilingi 50, mfukoni una noti ya 100 na sarafu ya 20. Sarafu haitoshi, kwa hiyo noti ivunjwe. Vunja nzima moja kati ya tatu: zinabaki 2, na robo zinakuwa tano. 2 5/4 toa 1¾ ni 1 2/4, yaani kilo moja na nusu. Halafu waulize jibu la kwanza lilikuwa na kasoro gani: kilo mbili na nusu pamoja na zile 1¾ zilizotumika ni 4¼. Unga haukuwa mwingi hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Umoja:* Mwalimu, mtihani wa Gredi ya 9 wa hisabati ni wa Kiingereza. Humusi na sudusi hazitamchanganya mtoto?

Mama, hoja yako ina uzito. Humusi haimwonyeshi mtoto tano iko wapi, kwa hiyo nikivuka robo husema pia "sehemu ya tano". Baada ya hatua ya 3 naandika na maneno ya Kiingereza pembeni.

*Mwalimu, Kayole:* Kwa nini usitumie chapati zenyewe?

Nilijaribu. Robo zilitoweka kabla ya hesabu. Tena kukata duara kuwa thuluthi ni kazi. Ukanda unakunjwa sehemu tatu sawa kama barua.

*Baba, Githurai:* Kijana wangu anasema 2½ × 1½ ni 2¼. Simu inasema 3.75.

Simu iko sawa. Amezidisha nzima kwa nzima, nusu kwa nusu. Mchoree mkeka wa mita 2½ kwa 1½, uugawe vipande vinne: 2, 1, ½ na ¼. Yeye kasahau viwili vya kati.

*Mwalimu mwanafunzi:* Kanuni ya kugawanya akisami, "Geuza ya pili, uzidishe", naielezaje?

Usianze nayo. Lita 3 za mafuta, chupa za ¾ lita: robo 12 gawanya kwa robo 3, chupa 4.

*Mwalimu mwanafunzi tena:* Na lita 3½? Nimepata chupa nne na nusu.

Robo 14 gawanya kwa robo 3: nne zinajaa, zinabaki robo mbili za lita. Ni nusu lita kweli, ila chupa inataka robo tatu. Robo mbili kati ya tatu ni thuluthi mbili za chupa. Jibu ni 4⅔.